Mama King'ora

Katika kazi yake Stela aliogopa mambo mawili: kupiga king'ora bure, na kuacha kukipiga kinapotakiwa. La kwanza lilikwisha kumpata wiki iliyopita, na mgodi mzima ulikuwa bado unamcheka.

Mgodi wenyewe mdogo tu, uko Mwanhembo, nje kidogo ya Nzega, wala usidhani ni yale makampuni ya kutangazwa kwenye taarifa ya habari. Shimo moja la wazi, vijiko viwili vya kuchimbia, malori yasiyozidi vidole vya mkono, na konteina lililotobolewa dirisha, ambalo ndilo ofisi ya Stela. Ndani ya konteina mna meza, kompyuta kubwa na skrini mbili. Ya kushoto inaonyesha ukuta wa shimo kama unavyopimwa na rada iliyosimikwa ng'ambo: kijani, ukuta umetulia; njano, unasogea; nyekundu, kimbieni. Ya kulia ni ya kamera, inaonyesha watu na mashine zilizoko chini. Kazi ya Stela ni kukodoa macho, kidole kikae karibu na kitufe cha king'ora. Kazi ya kukaa, watu wanasema. Wangekaa wao waone!

Ukuta uliokuwa ukitazamwa ni ule wa mashariki. Wenyeji wanauita Ukuta wa Wapagazi, kwa sababu njia ya zamani ya misafara ya kutoka Tabora kwenda ziwani ilipita juu yake, siku ambazo hapakuwa na shimo lolote. Na chini ya ukuta huo, kwenye kijiko cha manjano kilichochubuka rangi, ndipo alipofanyia kazi Raymundi, mume wake, baba wa Prosperi. Sasa wewe niambie, mwanamke atatazamaje ukuta wa namna hiyo na moyo wake utulie?

Mambo yalianza kuharibika ilipoletwa skrini ya pili. Zamani palikuwa na moja tu, nene kiasi, na juu yake palikaa kitambaa cheupe cha kufuma chenye maua ya waridi pembeni. Kitambaa hicho alikifuma Mama Getruda, mkwewe, siku Stela alipopata kazi. Mama Getruda na sindano yake ya kufuma hawakuachana. Nyumba yake nzima alikuwa ameivika: makochi, redio, televisheni, hata ndoo ya maji ya kunywa. Alipomkabidhi Stela kile kitambaa alimwambia, "Mwanangu, huko machimboni vumbi ni baya. Usije ukaiacha mashine ya watu uchi." Stela alikipokea kwa mikono miwili na kupiga goti.

Skrini mpya zilipofika, zote mbili zilikuwa nyembamba, hazishiki kitambaa, kinateleza. Stela akaona haya kukirudisha nyumbani. Mkwewe angeuliza. Akakitandika juu ya lile sanduku la kompyuta lililokaa chini ya meza, akakinyoosha, maua yakaning'inia mbele na nyuma vizuri kabisa. Akafurahi. Konteina likapendeza.

Tangu hapo picha zikawa zinakwama. Ukiigeuza picha ya ukuta uitazame upande wa pili, inajivuta, inasimama, inaruka. Wiki iliyopita rangi nyekundu ilitokea kwenye skrini ya kushoto na ikaganda hapohapo. Stela akapiga king'ora. Watu wakapanda mbio kutoka shimoni, wengine wameacha viatu kwenye tope, wakasimama juu wanahema, wakasubiri. Ukuta haukudondosha hata kokoto. Kumbe ile nyekundu ilikuwa alama ya mvua iliyopita mbele ya rada na kwisha zamani, ila mashine ilishindwa kuifuta kwa wakati.

Injinia Valentino, bosi wa shimo, alimwita pembeni. "Dada Stela, siku nzima ya uzalishaji imepotea. Safari nyingine nipigie mimi kwanza. Ukibonyeza tena bila kuniuliza, kesho yake usije." Vijana nao wakampa jina. Lukumani, dereva wa lori, hana dogo huyo, ndiye aliyeanza: "Mama King'ora, leo tunakimbia saa ngapi?" Na Raymundi, ambaye Stela alitegemea amtetee, alimwambia walipofika nyumbani, "Unaniaibisha mbele ya wenzangu, Mama Prosperi. Uwe na uhakika bwana." Maneno hayo yalimchoma kuliko ya injinia.

Basi siku hiyo ninayoisimulia mvua ilikuwa imenyesha tangu alfajiri, ikaacha, jua likatoka kali. Ndani ya konteina joto lilipanda. Stela alikuwa anatazama skrini ya kulia, anakiona kijiko cha mumewe kimesimama upande wa magharibi, karibu na pampu ya maji. Akashukuru moyoni. Upande ule ni salama.

Mara redio ya mkononi ikakoroma. Sauti ya Raymundi: "Nimemaliza kupakia lori la tatu hapa mashariki, lete jingine."

Stela akaitazama skrini. Kijiko bado kiko kwenye pampu. Hakijasogea.

"Baba Prosperi, uko wapi?"

"Mashariki. Chini ya Wapagazi. Nipo huku kitambo."

Picha aliyokuwa akiitazama na kuishukuru haikuwa ya sasa. Ilikuwa ya zamani, ya muda ambao mumewe hajahama hata kidogo. Na kama picha ya kamera imechelewa kiasi hicho, ya ukuta je? Skrini ya kushoto ilionyesha kijani, na doa la njano dogo juu kabisa, penye njia ya wapagazi. Dogo la kufunikwa na kiganja. Lakini hilo doa ni la wakati gani? Sasa hivi lina ukubwa gani? Hakujua. Mungu wangu, hakujua!

Akampigia Injinia Valentino, aliyekuwa ofisi za juu. "Injinia, mashine inachelewa. Naomba niwatoe watu."

"Kuna nyekundu?"

"Hakuna, ila picha si ya sasa hivi."

"Kwa hiyo tatizo ni mashine, si ukuta. Mpigie fundi airekebishe halafu uniambie unachokiona. Mimi natoka huku naja." Akakata.

Si kwamba alikuwa mtu mbaya. Naye alikuwa na wakubwa wake. Lakini siku hiyo, hata mimi ningemzaba kofi.

Stela angeweza kutoka akakimbia hadi ukingoni akauangalie ukuta kwa macho yake. Alilifikiria hilo. Lakini ukuta unaojiandaa kuanguka hausogei kwa kuonekana. Unasogea kwa unene wa ukucha, kisha unene wa kidole, kisha unakuja wote. Ndiyo maana iliwekwa rada. Akapiga simu Tabora mjini kwa Wilbroad, fundi wa kompyuta, kwa haraka akagusa kwanza jina la mtu mwingine.

"Dada Stela, shikamoo."

"Marahaba. Wilbroad, picha zinachelewa, mume wangu yuko chini ya ukuta, nifanye nini?"

Kijana akaelewa, hakuleta porojo. "Usiizime. Ukiizima itachukua muda kuwaka na utakuwa kipofu kabisa. Kuna programu nyingine zimefunguka?"

"Hakuna. Nimefunga zote."

"Waya za skrini zote mbili zimechomekwa sehemu moja, kwenye ile kadi ya picha, kama nilivyokuonyesha?"

Akapiga magoti, akachungulia. "Ndiyo, zote mbili."

"Chomoa ya kulia. Tuone mzigo ukipungua."

Akaichomoa. Skrini ya kamera ikawa nyeusi, na kwa kufanya hivyo akampoteza Raymundi hata yule wa zamani. Akautazama ukuta kwenye skrini ya kushoto. Picha ikaruka mara moja, doa la njano likaongezeka kidogo, ikasimama tena.

"Imesogea kisha imekwama," alisema. "Wilbroad, doa linakua. Linakua na silioni lote."

"Tulia dada. Picha za rada zimepanga foleni, kadi inazichora moja moja, na inazichora taratibu. Kitu kinaibana. Mara nyingi ni joto. Hakuna kitu juu ya mashine?"

"Hakuna kitu."

Wala hakudanganya, masikini. Swali hilohilo aliulizwa na fundi huyuhuyu wiki iliyopita, akajibu hivyohivyo, na hata angeapishwa angejibu hivyo. Nani kati yetu aliyekulia nyumba zetu hizi anahesabu kitambaa cha kufuma kuwa ni kitu kilicho juu ya kitu? Kitambaa ni sehemu ya redio. Kitambaa ni sehemu ya kochi. Ukiulizwa kuna nini juu ya televisheni utasema hakuna, na mgeni mwenyewe atakubali kwamba hakuna.

"Basi peleka mkono nyuma ya sanduku, kwenye feni," Wilbroad alisema. "Unasikia upepo unatoka?"

Stela akanyoosha mkono, akainua pindo la kitambaa kama mtu anavyoinua pazia apite, akapeleka vidole nyuma. "Yesu!" Akaurudisha haraka. Bati lilikuwa la moto kama sufuria.

"Nini?"

"Moto! Nimeinua kitambaa nikashika, imeniunguza!"

"Umeinua nini?"

"Kitambaa."

"Kitambaa gani, dada?"

"Cha mama mkwe. Cha kufunikia."

"Kitoe! Dada, kitoe sasa hivi! Na dirisha fungua!"

Akakivuta. Maua ya waridi yalinasa kwenye matundu ya nyuma, uzi mmoja ukakatika, akakitupa sakafuni, akarudisha na waya wa skrini ya pili. Ndani ya sanduku feni zikapandisha mlio, kwanza chini, kisha kwa nguvu, na hewa ya moto ikamtokea miguuni. Alikaa kitini. Alisali Salamu Maria akaishia katikati, hakukumbuka inavyoendelea.

Kisha picha zikaanza kuja. Zilikuja kwa mfululizo, kila iliyokuwa imekwama kwenye foleni ikichorwa na kupita mbele ya macho yake, na Stela akaona yote ambayo ukuta ulikuwa umeyafanya wakati yeye amekaa hapo anashukuru. Doa la njano likatanuka. Likashuka. Katikati yake pakatokea tone jekundu, likawa kama kiganja, likawa kama sinia, likashuka ukuta mzima kutoka kwenye njia ya wapagazi mpaka chini. Kwenye skrini ya kulia kijiko cha mumewe kikaondoka kwenye pampu, kikavuka shimo haraka haraka, kikaenda kusimama pale pale penye wekundu.

Hakumpigia Valentino. Alikibonyeza kitufe kwa kiganja kizima, king'ora kikalia.

Kwenye kamera aliona watu wameinua vichwa. Wakatazamana. Hawakukimbia! Redio ikakoroma, Lukumani anacheka: "Jamani, Mama King'ora ametukumbuka tena! Leo viatu sivui mimi."

"Tokeni!" Stela akapiga kelele redioni. "Si mashine, ni kweli! Ukuta wote ni mwekundu, tokeni!"

"Ndivyo ulivyosema juzi," Lukumani akajibu.

Mkono wa kijiko ulikuwa bado unashuka kuchota. Stela akaacha maneno ya kazi, akasema redioni, mgodi mzima unasikia, maneno ambayo mke hasemi mbele za watu.

"Baba Prosperi. Nakuomba. Toka hapo. Kama nimekosea, leo hii nirudishe kwetu, waite wazee, nitaondoka na sanduku langu na sitasema neno. Uniache. Lakini toka, mume wangu, toka!"

Mkono wa kijiko ukasimama hewani. Mlango ukafunguka. Raymundi akaruka, akaanguka kwenye tope, akainuka, akaanza kukimbia. Na wale waliokuwa wanacheka, walipomwona mume mwenyewe anakimbia, mwenye kuaibishwa kuliko wote, kicheko kiliwakauka. Lukumani alilitelekeza lori linaunguruma. Stela aliwaona wote wakielekea kwenye njia ya kupandia, vidudu vidogo vya rangi ya chungwa, na mmoja nyuma ya wote akichechemea.

Halafu kamera ikatikisika na skrini ikajaa vumbi. Mlio ulifika baadaye, akausikia kwenye sakafu ya konteina kabla ya kuusikia masikioni.

Vumbi halikuisha upesi. Alishika redio kwa mikono yote miwili, akaogopa kuita, maana asiyeita hajanyimwa jibu. Redio ikaanza yenyewe. Wa pampu, nipo. Wa lori dogo, nipo. Lukumani, nipo, Mungu mkubwa, nipo. Raymundi hakusema. Stela alisikia watu wanaulizana. Akaanza kulia bila sauti, kamasi zinashuka, bado anatazama skrini kwa sababu ndiyo kazi.

Mlango wa konteina ukagongwa kwa bega. Raymundi huyo, tope mpaka masikioni, kiatu kimoja, redio kaiacha kwenye kijiko kilichofunikwa na nusu ya ukuta. Alikuwa amekimbia moja kwa moja mpaka kwake. Alikaa sakafuni chini ya meza, akashika mguu wa kiti cha mkewe.

Habari za mgodi zinakwenda Nzega kwa kasi ya pikipiki, na kwa pikipiki hiyohiyo Mama Getruda akafika. Alikuwa kaambiwa shimo limewala wote. Aliingia konteinani hana kanga ya kichwani, akamwona mwanawe yu hai, akapiga kigelegele kilichokatika kikawa kilio. Injinia Valentino alikuwepo, amesimama pembeni, mikono nyuma. Mama Getruda akamwendea Stela, akamkumbatia kichwa.

"Mwanangu. Umenirudishia mtoto. Sina cha kukulipa mimi."

"Shikamoo Mama," Stela alisema. Ndilo lililomjia.

"Marahaba, marahaba mwanangu."

Kisha mama akatazama chini. Akakiona kitambaa chake sakafuni, kimekanyagwa, uzi umechomoka. Akainama, akakiokota, akakikung'uta vumbi mlangoni, akarudi. Mbele ya watu wote akakitandaza tena juu ya sanduku la kompyuta, akakinyoosha pembe moja baada ya nyingine, maua yakaangalia mbele.

"Mashine imefanya kazi kubwa hivi," alisema, "nanyi mnaiacha uchi kwenye vumbi?"

Valentino alimtazama Stela, kwa sababu njiani kuja Wilbroad alikwisha kumweleza habari za kitambaa kwa simu. Raymundi hakujua lolote, alikuwa anamtazama mama yake kwa upendo. Stela akajisemea: ngoja aondoke, nitakitoa. Atakunywa maji, atasindikizwa, nitakitoa. Huyu ni mama. Sauti ya feni ilikwisha kuanza kubadilika, inazibwa.

Redio ikakoroma. Lukumani, na safari hii hakucheka. "Mama King'ora, pampu imebaki inawaka, maji yanajaa. Nataka nishuke na mwenzangu tukaizime. Wewe unaonaje, tuko salama?"

Stela alisimama. Akapiga goti mbele ya mkwewe kama siku aliyokipokea, akakitoa kitambaa juu ya mashine, akakishika.

"Nisamehe, Mama. Mashine hii inahema kwa nyuma. Kitambaa kiliiziba ikapata joto, ikawa inaniletea picha za zamani. Ndiyo maana nilichelewa kumwita. Nilikiweka mimi, si wewe."

"Kitambaa hiki?"

"Hicho, Mama."

Mama Getruda akakipokea. Akakitazama, akamtazama mwanawe pale sakafuni, tope masikioni, mguu peku. Midomo ikamcheza. Watu walifikiri atakasirika, na ingekuwa nafuu. Alikikunja kikawa kidogo, akakibana kifuani, akaketi chini karibu na Raymundi.

"Na vile vingine nilivyowapa?" aliuliza polepole.

"Viko kwenye makochi, Mama. Haviwezi kudhuru kitu."

"Vitoe," alisema. "Vyote. Leo."

"Hata cha kitanda cha Prosperi?"

"Hicho kianze."

Redioni Lukumani akauliza tena kama washuke. Stela akaitazama skrini mpaka picha mpya ikaja, akaona wekundu bado umebaki upande wa juu, akabonyeza redio akawaambia wasishuke.